Makapi Yaliyowasha Taa

Ukinunua kipande cha muwa pale stendi, unatafuna, unafyonza utamu, kisha unatema makapi. Nani anayakumbuka tena? Hebu basi twende Mauritius, kisiwa ambacho makapi hayo yana historia yake, na sisi tumo ndani.

Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa: apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Walitakiwa Île de France, ndiyo Mauritius ya leo. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1835, mashamba ya miwa yakajazwa vibarua kutoka India. Utamu ukaenda Ulaya. Makapi yakabaki kiwandani, yakachomwa kuchemsha maji, na mvuke ukazungusha mashine.

Mwaka 1957 kiwanda cha St. Antoine kikaanza kuuza umeme wake wa ziada kwenye gridi ya kisiwa. Kumbe takataka nazo zina bei!

Lakini miwa ina msimu. Mavuno yakiisha mwishoni mwa mwaka, watu wakae gizani? Ndipo ukaja ujanja wa kuchanganya. Mtambo wa Belle Vue, wa megawati 70, ulioanza mwaka 2000, huchoma makapi wakati wa mavuno. Msimu ukiisha, tanuri lile lile hula makaa ya mawe yanayoletwa kwa meli, hasa kutoka Afrika Kusini.

Tofauti yake ni hii: kaboni inayotoka kwenye makapi ilivutwa na muwa juzijuzi tu, na muwa mpya utaivuta tena. Kaboni ya makaa ya mawe ilikuwa imelala ardhini mamilioni ya miaka.

Basi kuanzia mwaka 2006 Ulaya ikapunguza bei ya sukari kwa asilimia 36. Mashamba yakapungua, makapi nayo yakapungua. Makaa ya mawe, yaliyoitwa kusaidia tu, yakaja kutoa umeme mwingi kuliko makapi yenyewe. Mgeni kawa mwenye nyumba!

Kwa hiyo ukiambiwa mtambo fulani ni safi, jamani, usitazame taa. Uliza tanuri linakula nini mwezi huu. Na ukitema makapi pale stendi, wakumbuke wale wa Kilwa: walilima utamu wasiouonja, na mwanga wasioishi kuuona.