Ugali, Kisamvu na Dagaa katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake chakula cha kimaskini ni kipi, hawakosi watakaojibu: ugali wa muhogo, kisamvu na dagaa. Chakula cha kisasa, watasema, ni chipsi na soda, vinavyonunuliwa vikiwa tayari. Katika makala haya twapenda kuonyesha kwamba jibu hilo limeisahau historia. Shahidi wetu ni mwambao wa Ziwa Mweru, penye mji wa Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia.

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, ukaenea kutoka pwani ya magharibi hadi nchi za Walunda. Walunda wa Mwata Kazembe walipojenga dola yao katika bonde la Luapula, karne ya 18, kilimo chake kilistawi huko. David Livingstone alipofika mji mkuu wa Kazembe mwezi Novemba 1867, alikuta mashamba ya mihogo yameuzunguka; tena alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Hata leo wasemao Kibemba upande wa Zambia huuita ugali ubwali, na kisamvu katapa. Ng'ambo ya ziwa, Waswahili wa Katanga husema bukari na sombe. Majina ni mbalimbali, chungu ni kimoja.

Audrey Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1939 juu ya chakula cha Wabemba, alieleza kwamba kwao ubwali hauliwi bila kitoweo. Desturi hiyo ina hekima. Muhogo hutia nguvu, lakini protini yake ni haba. Majani yake yana protini na vitamini. Na vidagaa viitwavyo chisense, vinavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, huliwa vizima pamoja na mifupa yake. Samaki wakubwa kama mpumbu walikwisha pungua sana kabla ya uhuru wa mwaka 1964. Uvuvi wa chisense ulipopanuka katika miaka ya 1980, maskini na tajiri walipata kitoweo cha bei nafuu.

Hata hivyo, chakula hiki ni rahisi kwa fedha, si kwa muda. Muhogo mchungu una sumu. Sharti uroweshwe majini siku kadhaa na kuanikwa, ndipo utwangwe. Na kisamvu hutwangwa, kikachemshwa sana. Anayeharakisha kazi hii hujiletea hatari, na mfano upo katika nchi jirani. Huko Bandundu, magharibi ya Kongo, barabara ya lami ilipofungua njia ya soko la Kinshasa katika miaka ya 1970, mihogo iliuzwa kwa wingi na baadhi ya watu wakapunguza siku za kuroweka. Watafiti waliihusisha pupa hiyo, pamoja na upungufu wa protini, na ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafula, hasa ya watoto na wanawake. Miguu iliyopooza hivyo hairudii hali yake ya kwanza.

Hatusemi kwamba anunuaye chipsi mara moja moja amekosa. Tunalosema ni kwamba nyumba inayoacha kupika haipotezi fedha peke yake. Hupoteza pia kipimo: siku ngapi za kuroweka, dalili gani ya muhogo ulioiva majini, muda gani wa kuchemsha. Ujuzi huo umo mikononi mwa mama na bibi zetu, na kizazi kimoja kisichojifunza chatosha kuukata.

Basi, walimu wenzetu, tuwatume wanafunzi nyumbani wakaulize, na warudi darasani na vitenzi hivi pamoja na maelezo yake: kuroweka, kumenya, kuanika, kutwanga, kuchekecha, kusonga. Litakuwa somo la lugha, na litakuwa somo la uhai.