Baganwa na Vilima Vyao
Kwetu Kobero, Muyinga, wazee bado hutamka neno "muganwa" kwa heshima. Heshima hiyo ilitokana na ardhi. Kila mwami aliwagawia wanawe vilima wavitawale. Uzao wa Ntare Rugamba ukaitwa Batare. Wa Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, ukaitwa Bezi. Wapya walipopewa, wa zamani walipokonywa. Uhasama huo ukaingia hadi kwenye vyama vya siasa. Rwagasore, wa Bezi, aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Ntidendereza, wa Batare, akanyongwa Gitega mwaka 1963 kwa mauaji hayo. Mwaka 1966 ufalme ulifutwa. Kwa maoni yangu, ukoloni ulichochea tu moto uliokuwapo: ardhi iliyowakuza Baganwa ndiyo iliyowagombanisha.