Mbwa wa Mpangaji na Sheria ya Miezi Mitatu

Mkataba wa pango jijini New York, katika miaka ya 1970, kwa kawaida ulikuwa fomu iliyochapishwa tayari. Mwenye nyumba alijaza jina la mpangaji, kiasi cha kodi na tarehe ya kuanza, kisha pande mbili zikatia saini. Ndani ya fomu hizo, katikati ya maandishi madogo ambayo wachache walijisumbua kuyasoma, mara nyingi palikuwa na kifungu kinachokataza kufuga mnyama bila idhini ya maandishi. Watu walisaini, wakahamia na mbwa au paka wao, na maisha yakaendelea. Msimamizi wa jengo alimwona mbwa akishuka ngazi kila asubuhi. Karani aliyepokea kodi alimwona pia. Miaka ikapita bila mtu kukikumbuka kifungu kile.

Kilikumbukwa nyumba ilipopanda thamani.

Tangu 1943, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kodi za sehemu kubwa ya jiji zilikuwa chini ya udhibiti wa serikali, na mwaka 1969 ukaongezwa mfumo wa pili uliobana kasi ya kuzipandisha. Mpangaji wa siku nyingi alilipa kiasi kidogo kuliko bei ya soko, na hakuweza kuondolewa bila sababu ya kisheria. Akihama kwa hiari, mwenye nyumba alipata nafasi ya kupandisha kodi. Isitoshe, miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya kugeuza majengo ya kupanga kuwa ya ushirika, ambamo mkazi hununua hisa badala ya kulipa kodi, na nyumba tupu iliuzika kwa bei nzuri kuliko yenye mtu ndani. Sababu ya kumtoa mpangaji ilikuwa na thamani ya fedha. Kwa maelfu ya wapangaji sababu hiyo ilikuwa imelala mlangoni, ina miguu minne, na saini yao wenyewe ilikuwa chini ya kifungu kinachoikataza.

Mahakama ziliusoma mkataba kama ulivyoandikwa. Mzee aliyeishi na mbwa wake miaka mingi alitakiwa kuchagua: amtoe mbwa au atoke yeye. Uchaguzi huo ulikuwa wa kikatili, kwa sababu katika jiji lenye uhaba wa nyumba kama New York, kutoka kulimaanisha kuuacha mtaa, majirani, na kodi ambayo hangeipata tena popote.

Si kwamba jiji zima liliwapenda mbwa. Malalamiko juu ya kinyesi barabarani yalikuwa makali kiasi kwamba kuanzia Agosti 1978, enzi za Meya Ed Koch, sheria ya jimbo ilimlazimisha mwenye mbwa kuzoa uchafu wa mnyama wake la sivyo atozwe faini. Ilikuwa miongoni mwa sheria za kwanza za aina hiyo katika miji mikubwa ya Marekani. Lakini miaka hiyohiyo ilikuwa ya wizi na uvamizi, na mtu aliyeishi peke yake alimhitaji mbwa kama mlinzi na kama mwenzi.

Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilipitisha sheria ya jiji namba 52, na utangulizi wake haukuficha lengo. Baraza lilieleza kwamba wenye majengo walikuwa wakikitumia vibaya kifungu cha wanyama: walijua kwa muda mrefu kwamba mpangaji ana mnyama, kisha wakamshtaki kwa sababu zisizohusiana na kero yoyote. Basi likawekwa sharti la muda. Kama mpangaji wa jengo lenye nyumba tatu au zaidi amefuga mnyama waziwazi, na mwenye jengo au wakala wake akajua, mwenye jengo huyo ana miezi mitatu ya kufungua kesi. Ikipita bila kesi, kifungu kinakufa kwa mnyama huyo. Mnyama anayeleta kero au kuharibu mali hakulindwa.

Ubora wa sheria hii uko katika neno waziwazi. Aliyemficha mbwa ndani ya mkoba na kumtoa usiku wa manane hakupata ulinzi wowote. Aliyempitisha mlango mkuu mchana kweupe, mbele ya bawabu, ndiye aliyekingwa. Ndiyo maana kesi zilizofuata ziligeuka mabishano juu ya macho: nani alimwona mbwa, lini, na je, alichokiona mfanyakazi wa jengo kihesabiwe kuwa kimeonwa na tajiri wake? Mwaka 2001 mahakama ya rufaa inayoshughulikia Manhattan na Bronx ilikubali kwamba ujuzi wa wafanyakazi wa jengo unamfunga mwenye jengo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mwenye nyumba anayewaajiri watu wamtazamie jengo hawezi kudai kwamba hakuambiwa.

Kasoro haikukosekana. Nyumba za mamlaka ya makazi ya jiji, wanamoishi watu wa kipato cha chini, ziliachwa nje ya sheria hiyo. Novemba 1983 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya taifa iliyowaruhusu wazee na walemavu kufuga wanyama katika nyumba za kupanga zilizojengwa kwa ajili yao kwa msaada wa serikali kuu. Wakazi wengine wa nyumba za umma walisubiri hadi 1998 ndipo Bunge la Marekani likawapa haki kama hiyo, chini ya kanuni za kila mamlaka.

Ufaransa ilikuwa imetangulia, tena kwa njia fupi zaidi. Sheria ya Julai 9, 1970, iliyorekebisha sheria ya pango ya 1948, ilibatilisha moja kwa moja kifungu chochote cha kumkataza mkazi kufuga mnyama wa nyumbani, ilimradi mnyama haharibu wala hasumbui. Mwaka 1999 wenye nyumba waliruhusiwa kukataa mbwa walioorodheshwa kuwa wa mashambulizi. Ujerumani ilichelewa: ni Machi 2013 ndipo Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipoamua kwamba marufuku ya jumla dhidi ya mbwa na paka ndani ya mkataba wa fomu ni batili. Kesi ilitoka Gelsenkirchen, kwa familia iliyokuwa na mbwa mdogo wa kimo cha sentimita 20 hivi. Mahakama ilitaka kila ombi lipimwe kivyake, na masilahi ya mpangaji, ya mwenye nyumba na ya majirani yawekwe mezani pamoja.

Uingereza imefika hapo juzi tu. Sheria ya haki za wapangaji iliyopata kibali cha Mfalme Oktoba 2025 inamtaka mwenye nyumba huko England alijibu ombi la kufuga ndani ya siku 28, na akikataa awe na sababu ya msingi.