Ikhwani Safaa: Klabu ya Jioni Iliyovuka Karne

Kua, kisiwani Juani huko Mafia, walau ina kuta. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava walipovuka bahari kutoka Bukini (Madagaska) wakauteka, na hadi leo mgeni huonyeshwa misikiti na jumba la mtawala lililomezwa na miti. Masimulizi ya Mafia yanataja waalikwa wa Kisimani walioitwa harusini Kua jioni moja, kumbe ni kisasi. Wenyeji wao walitoka chumbani mmoja mmoja, akabaki mzee akiwatumbuiza huku mlango ukijengewa ukuta. Alitumbuiza kwa wimbo gani, mawe hayasemi. Muziki haubakizi gofu.

Ndiyo sababu umri wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya Unguja, unastahili kuadhimishwa. Klabu hii iliundwa mwaka 1905, ikaazima jina la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10. Mbegu ilikwishapandwa zamani: inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ala ya nyuzi. Lakini taarabu ya Barghash ilikuwa burudani ya jumba la sultani. Waasisi wa 1905 walileta jambo jingine: watu wa mjini wakutane jioni, wafundishane wenyewe.

Na kanuni haifundishiki kwa haraka. Mpigaji huipakata mapajani au huilaza mezani, akavaa pete vidoleni kushikilia vijiti vya kukwanyulia. Kila sauti ina nyuzi tatu, na zikipishana kidogo tu sikio la mzoefu hushtuka. Kabla ya nyimbo huja bashrafu, ala bila mwimbaji, na hapo ndipo fidla, udi na nai zinapojulikana kama zimeelewana.

Kwa lugha, klabu ilichelewa. Waliimba Kiarabu, nyimbo za Misri hasa, huku mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, akiwaliza na kuwachekesha watu kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao, Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun, kwa kuwa Ikhwani Safaa ilianza kama baraza la wanaume. Kwa maoni yangu, klabu ilipona kwa kuwafuata wanawake hao: ilipokubali Kiswahili chenye vina na mizani, ndipo hadhira ilipokuwa yake. Baadaye sauti ya Rukia Ramadhani ikawa miongoni mwa sauti zake.

Mwaka 1958 ikazaliwa Culture Musical Club, na ushindani huo ulimfaa msikilizaji. Mapinduzi ya 1964 yaliitikisa klabu kongwe, jina lake la Kiarabu likawekwa pembeni, wengi wakaiita Malindi kwa mtaa wake. Mazoezi yaliendelea.

La ajabu ni kwamba wanachama hawakuridhika kupiga tu. Seif Salim Saleh, mpiga fidla na mwimbaji, aliandika kuhusu historia na muundo wa taarabu. Idi Abdulla Farhan naye aliandika jinsi taarabu ilivyoingia Zanzibar. Historia ya muziki huu imeandikwa kwa sehemu kubwa na waliokuwa wakiupiga, jambo ambalo watafiti wengi wa nje wamelitegemea. Klabu ilipotimiza miaka 100, mwaka 2005, rekodi zake zilitolewa Ufaransa kama toleo la kwanza la mfululizo wa Zanzibara.

Siku hizi taarabu ya kinanda, rusha roho, ndiyo inayojaza kumbi, na anayetunza waimbaji kwa noti hukimbilia huko. Hata hivyo, tangu 2002 chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzia Forodha Mkongwe pale Mizingani, kinawafundisha vijana udi na kanuni darasani. Klabu imepata wasaidizi, na wapinzani pia, maana kijana akishahitimu hujiundia bendi yake.