Jina Lenye Pande Mbili: Asili ya Majina ya Michezo ya Televisheni Ihusuyo Utabibu

Aghalabu jina la mchezo wa televisheni hudhaniwa kuwa ni kibao tu cha mlangoni: mtu hukisoma, akaingia ndani, akakisahau. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika michezo ya Kimarekani ihusuyo utabibu jina huwa limebeba historia, na kwamba historia hiyo ndiyo impayo taabu mfasiri wa Kiswahili.

Na tuanze na jina lenye asili kongwe. Mwaka 1858 Henry Gray, mpasuaji wa hospitali ya St George's mjini London, alitoa kitabu juu ya maungo ya binadamu, chenye michoro ya mwenziwe, Henry Vandyke Carter. Kitabu kiliitwa Anatomy: Descriptive and Surgical. Gray alifariki kwa ndui mwaka 1861, lakini wanafunzi walizoea kukiita kitabu kwa jina lake, hata jina la awali likafifia. Tarehe 27 Machi 2005 kituo cha ABC kilianza kuonyesha Grey's Anatomy, mchezo alioutunga Shonda Rhimes. Herufi moja imebadilika. Sauti ni ile ile. Grey ni jina la Meredith, mpasuaji mwanagenzi. Tena ni jina la mamaye, Ellis, mpasuaji mashuhuri. Tena ni rangi ya kijivu, isiyo nyeupe wala nyeusi. Na hayo maungo yapasuliwayo ni ya nani? Twaweza kusema ni ya wagonjwa, na twaweza vile vile kusema ni ya Meredith mwenyewe. (La kuchekesha ni kwamba Gray, Mwingereza, aliandikwa kwa tahajia ambayo Wamarekani huitumia kwa rangi hiyo, nao Wamarekani wakauandika mchezo wao kwa tahajia ya Waingereza.) Tukisema "Anatomia ya Grey" tumefasiri maneno yote, na mchezo wa maneno haumo.

House, ulioanza mwaka 2004, una safari ndefu zaidi. Arthur Conan Doyle alisomea utabibu Edinburgh, na alipomwumba mpelelezi Sherlock Holmes, aliyetokea kwanza mwaka 1887, kielelezo chake kilikuwa mwalimu wake, Dakta Joseph Bell, hodari wa kumtambua mgonjwa kwa kumtazama. Basi utabibu uliuazima upelelezi mtu, na David Shore, mtungaji wa House, akalirudisha deni hilo hospitalini. Watson akawa Wilson. Nambari ya makazi, 221B, haikuguswa. Holmes nalo, ambalo katika sikio la Kiingereza lakaribiana na neno la nyumbani, likageuka kuwa nyumba.

Hapa Kiswahili chaonekana kuwa na bahati, maana nasi twapata nyumbani kutokana na nyumba kwa kiambishi -ni tu. Lakini bahati hiyo haifiki mbali. Msikilizaji wetu hasikii nyumbani katika Holmes. Maana imevuka, sauti imebaki ng'ambo. Na mchezo wa maneno hauishi kwa maana peke yake, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kutegewa neno paa na mshairi, asijue kama ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, au ni kitendo cha ndege.

Jina lililo zito kuliko yote ni St. Elsewhere, mchezo wa NBC wa miaka ya 1982 hadi 1988. Hospitali yenyewe, huko Boston, yaitwa St. Eligius, jina la mchezo ni la dhihaka. Ni msemo wa matabibu kwa hospitali duni zipokeazo wagonjwa waliokataliwa na hospitali zenye sifa. Hospitali nyingi zina majina ya watakatifu, basi na hii ikapewa wake, asiyemo katika kalenda yoyote: Mtakatifu Kwingineko. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea hospitali za misheni zenye majina ya namna hiyo, dhihaka hii yavuka bila kufafanuliwa.

Yuko atakayependelea "Hospitali ya Maskini", kwa kuwa ni wazi zaidi. Sikubaliani naye. Katika msemo ule anayecheka ni yule aliyemfukuza mgonjwa, wala si mgonjwa. Tukiandika "Maskini" tumemtaja mgonjwa na kumficha aliyemfukuza. Tukiandika "Kwingineko", mkono unaoelekeza mlangoni ungali waonekana.