Gia, Upepo na Hisi za Mpanda Pikipiki

Mwanzoni mwa karne ya 20, pikipiki nyingi za Ulaya zilikuwa na ukanda mmoja tu wa kupeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma, wala hazikuwa na gia za kubadilisha, hata mpandaji alipofikia mlima mkali ilimlazimu kuisaidia injini kwa kukanyaga pedeli kama za baiskeli, au kushuka na kusukuma. Katika zama hizo hakuna aliyejiuliza ni wakati gani itiwe gia nyingine, kwa kuwa hiyo nyingine haikuwapo.

Kisiwa cha Man, kilicho baina ya Uingereza na Ailandi, ndicho kilicholeta swali hilo. Mashindano ya Tourist Trophy yalianza huko mwaka 1907. Mwaka uliofuata pedeli zilipigwa marufuku, na mwaka 1911 mbio zikahamishiwa njia ya milimani, yenye mzunguko wa kilomita 60 hivi, inayopita mabegani mwa mlima Snaefell. Pikipiki za Indian kutoka Marekani, zenye mnyororo na gia mbili, zikatwaa nafasi tatu za kwanza katika mbio kuu, Oliver Godfrey akiwa mshindi. Tangu siku hiyo fundi aliyezipuuza gia alikuwa ameikubali hasara.

Gia za wakati ule zilibadilishwa kwa mkono, kwa wenzo uliokuwa kando ya tangi la petroli, na sikio ndilo lililouamrisha mkono. Godfrey alishinda kwa mwendo wa wastani wa kilomita 77 hivi kwa saa, na kwa kasi ya namna hiyo ngurumo ya injini yenye ekzosi kali ilisikika barabara. Lakini kufikia mwaka 1938 Harold Daniell aliuzunguka mlima uleule kwa wastani wa kilomita 146 kwa saa, na hapo upepo ulikuwa umekwisha kulitawala sikio; kwani kelele ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huupita mwendo kwa mbali, hata mpandaji aendaye kilomita 100 kwa saa aghalabu husikia ndani ya helmeti upepo wa zaidi ya desibeli 90, na sauti ya injini ikazama humo.

Mafundi nao, tangu kabla ya hapo, walitafuta njia mbalimbali za kumsaidia mpandaji. Harold Willis wa kiwanda cha Velocette alibuni wenzo wa mguu ambao kila ukanyagwapo husogeza gia moja tu, kisha hurudi mahali pake. Ulipotumiwa katika mbio za mwaka 1928, mpandaji alipata kubadilisha gia pasipo kuuachilia usukani. Jicho nalo likapewa saa ya mizunguko, ambayo mshale wake huonyesha kasi ya injini bila kuhitaji sikio. Kisha Moto Guzzi wa Italia wakajenga mwaka 1950, huko Mandello del Lario, handaki la kupimia upepo, ili wachonge bodi za kuukata upepo mbele ya mpandaji. Hata hivyo, kioo cha kukinga upepo kisichomfaa mpandaji kwa kimo huweza kuuelekeza msukosuko wa hewa kichwani, na kelele ikazidi badala ya kupungua.

Fauka ya hayo yote, ipo ilimu iliyotangulia vyombo, nayo imo mwilini. Kila mzunguko wa injini hutoa mtikisiko upitao kwenye usukani, vikanyagio, kiti, na tangi lililobanwa kwa magoti, na mtikisiko huo upepo hauwezi kuufunika. Ukiwa mzito wa kudundadunda, na pikipiki haiitikii mafuta yanapoongezwa, injini imeelemewa na inataka gia ya chini. Ukiwa mwembamba wa kuwasha viganja, na ule msukumo mgongoni unafifia ijapokuwa mafuta yamefunguliwa, wakati wa kupandisha gia umewadia. Tena, katika kila gia mwendo na mizunguko hufuatana kwa kipimo kisichobadilika maadamu klachi haitelezi, kwa hiyo anayeijua pikipiki yake huweza kuisoma hali ya injini katika mshale wa mwendo peke yake.

Ilimu hii inatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, ambako bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, leo ni kazi ya vijana wengi wanaopanda pikipiki za silinda moja, nyingi zikiwa hazina saa ya mizunguko. Kijana anayefundishwa kubadilisha gia kwa kusikiliza ngurumo pekee hufunzwa nusu ya kazi, na nusu hiyo humtoka pindi aingiapo barabara kuu, akachosha injini, akapoteza mafuta na riziki yake. Yapasa mwalimu amwanzishe kwa mwendo wa taratibu, pasipo upepo mwingi, amtake aoanishe kila sauti aisikiayo na mtikisiko wake mikononi na magotini, ili upepo utakapoichukua sauti, abaki na ujuzi usiochukulika.