Lamu Mashariki: Kura na Riziki

Jimbo la uchaguzi la Lamu Mashariki lina visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu, na bara ya Kiunga hadi mpaka wa Somalia. Wakaazi wengi ni Wabajuni, wavuvi na wakata boriti. Msituni wako Waboni, warina asali. Siyu, mji wa wanakili Kurani na mafundi wa ngozi, uliyashinda majeshi ya Sayyid Said miaka ya 1840.

Amri zilizofuata hazikuja na mizinga. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku, Waboni wakafungiwa msitu. 1982 boriti zikazuiwa kwenda Arabuni, majahazi yakakosa shehena. Bandari ilipochimbwa Ghuba ya Manda, wavuvi walishitaki. 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia. Kura hupigwa kila miaka mitano. Riziki hutafutwa kila maji yajaapo na yatokapo.